Asante, Nimeshiba

Jumanne iliyopita Lerato, mwenzangu wa zamani aliyenipata mtandaoni hivi karibuni, aliniandikia kwenye simu kwamba Mama Nomvula amefariki, na mazishi ni Jumamosi, kwao Tembisa. Nilikuwa jikoni nachambua maharage. Nikausoma ujumbe, nikaiweka simu mezani, nikaendelea na maharage yangu, na nilipofika mwisho nikakuta nimeyatupa mazuri na kubakiza vijiwe. Basi nikakaa chini. Watu wakisimulia maisha yao huanza na babu na bibi. Wangu nitawaacha wapumzike, hawahusiki na jambo hili hata kidogo. Nataka kusema habari za mwaka mmoja tu, 2011, nilipofanya staji, yaani mafunzo ya kazini, Midrand chini ya huyo mama, na nataka kuusema kama ulivyokuwa, pamoja na upumbavu wangu, kwa sababu mtu niliyepaswa kumwambia hayupo tena.

Nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kidogo cha katikati ya mji, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu, nikisomea usafirishaji wa mizigo. Darasani mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kuliko wote. Vijana waliniita aunty, na nilikuwa na miaka ishirini na saba tu, jamani. Cheti hukupewa mpaka ufanye kazi mahali fulani kwa miezi tisa. Kampuni moja ya maghala ikatuchukua wawili, mimi na huyo Lerato, msichana wa Soweto mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, na siku ya kwanza meneja akatuambia waziwazi: mwezi wa kumi na moja atabaki mmoja, nafasi ni hiyo hiyo moja. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nikiipata, nimekuwa mtu wa ofisi, mtu anayefanya kazi aliyoisomea. Nikiikosa, narudi kusuka nywele saluni kwa Mama Furaha, na mikono yangu Mungu hakuiumbia nywele. Wateja walionijua walikuwa radhi kusubiri hata saa nzima ili washikwe na mwingine.

Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, ndiye niliyekuwa nikikaa naye Kensington, katika vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mzee mmoja wa Kireno. Dirisha langu lilitazama ukuta, na mbele ya ukuta ilipita kamba ya nguo, kwa hiyo kila asubuhi nikifungua pazia nilikutana uso kwa uso na suruali za yule mzee. Jioni tulipika pamoja, bugali na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo, au dagaa wetu, ndagala, tukipata mtu wa kutuletea kutoka Yeoville. Furaha mwenyewe, binti wa miaka saba, alituuliza mambo kwa Kiingereza nasi tukamjibu kwa Kiswahili, kila mtu na lugha yake na hakuna aliyegombana. Nyumba ile naikumbuka kwa mapenzi. Lakini nilitoka humo mapema sana na kurudi nimechoka, na saa zote za katikati, saa za mchana ambazo ndipo mtu anapoishi, nilikuwa Midrand.

Ofisi ilikuwa chumba kirefu juu ya ghala, chenye paa la bati, baridi asubuhi na joto mchana, na kioo kikubwa cha kutazamia malori chini. Mama Nomvula alikuwa mkuu wa kutoa mizigo. Mwanamke wa makamo, mnene, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, sauti ya kuamrisha. Madereva wote walimwogopa na wote walimletea habari za watoto wao. Alinifundisha kazi kwa maneno machache. Saini isiyo na jina pembeni si saini. Dereva akikuambia yuko karibu, muulize anaona nini dirishani. Hati iliyolowa mvua usiikaushe kwenye hita, itajikunja. Ilaze ndani ya gazeti. Mpaka leo nafanya hivyo hivyo, na vijana ninaowafundisha wanadhani nimeyabuni mimi. Tuliongea Kiingereza, yeye na chake chenye Kizulu, mimi na changu chenye Kifaransa, lakini nayakumbuka yote kwa Kiswahili, na ndivyo nitakavyoyaandika.

Ijumaa kulikuwa na desturi. Kwa zamu, mtu mmoja alileta chakula kutoka kwake, cha watu wote, na saa ya mchana walikaa kwenye meza ya jikoni ya ofisi wakala kwa mikono, simu zikilia bila kujibiwa. Ijumaa yangu ya kwanza zamu ilikuwa ya Mama Nomvula mwenyewe. Alifunua sufuria, na harufu ikajaa chumba kizima: kuku, pap, yaani ugali wao mweupe, na mboga yao ya maharage na pilipili. Mimi nilikuwa sijala tangu jana yake. Akanitazama juu ya miwani.

"Njoo ule, mwanangu."

"Asante, mama, nimeshiba."

"Sharp," akasema, yaani sawa. Akamgeukia Lerato. "Na wewe?"

Lerato alikuwa ameshakaa.

Sasa aliyelelewa kama mimi atanielewa bila maelezo, lakini acha nieleze. Kwetu Buyenzi, pale Bujumbura, ukikaribishwa chakula unakataa. Si kwamba hutaki. Unakataa ili mwenye chakula akushike mkono, aseme onja tu. Nawe useme umetoka kula sasa hivi. Naye aape wallahi hutoki kwake hivihivi. Hapo ndipo unanawa. Anayekubali mara ya kwanza ataonekana mlafi, na habari zake zitafika msikitini kabla yake. Nilikuwa nimekataa hivyo maisha yangu yote na sijawahi kurudi na njaa hata siku moja. Kwa hiyo nilisimama pale mlangoni nikitabasamu, nikisubiri mara ya pili. Nikapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikafungua droo, nikaifunga. Hakuna aliyegeuka. Mama Nomvula alivunja paja la kuku, akacheka jambo aliloambiwa na Lerato, nami nikatoka nikaenda kutazama malori.

Ijumaa ya pili hakuniuliza. Wala ya tatu. Zamu ya kuleta chakula ilizunguka meza yote, na mimi ikaniruka.

Nikaanza kula peke yangu katika chumba cha mafaili, juu ya boksi la karatasi, wali na maharage ndani ya kopo la aiskrimu. Chumba kile kilipakana na jikoni, na ukuta wenyewe ulikuwa ubao mwembamba. Nilijua nani anatafuna mifupa, nani amegombana na mume, mtoto wa nani kafeli mtihani. Nilijua mambo ya watu wale kuliko nilivyowajua wao. Nilicheka nao kwa ndani, upande wangu wa ubao, kijiko mdomoni. Halafu siku moja, mwezi wa nne, nikasikia jina langu. Mtu aliuliza kwa nini yule wa Burundi haitwi. Mama Nomvula akajibu bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Mwacheni. Yule hapendi watu."

Nilikasirika. Mimi sipendi watu? Mimi? Wao ndio walionipa mgongo na mifupa yao, kisha wananisingizia!

Jioni nikamsimulia Mama Furaha, akageuza bugali kwa nguvu zote. "Minakuambia, Zaituni, bale batu habatupendi. Weye kula chakula yako, tumika kazi yako, rudia nyumba." Yeye alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwaka 2008, wageni walipokuwa wakifukuzwa mitaani, alilala siku kadhaa na Furaha mgongoni kwenye uwanja wa kituo cha polisi, na jirani aliyekuwa akimsuka kila mwezi alipita akajifanya hamjui. Nilimwamini kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini. Kwenye roboti, nikisubiri taa ya kuvuka, nilishaitwa kwerekwere, tusi lao kwa wageni, na watu nisiowakosea kitu. Kwa nini ofisini iwe tofauti? Nikaichukua chuki ile mtaani nikaibeba mpaka Midrand, nikaipachika juu ya watu ambao sikuwahi kuwauliza neno.

Nilikuwa mpweke. Nalisema wazi kwa sababu siku zile sikulisema kwa yeyote. Zilipita siku nzima bila mtu kutamka jina langu. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuwapigia madereva simu, na nikaona najivuta kuwauliza maswali yasiyo na maana ili wasikate. Unaona nini dirishani? Naona mlima, dada. Na sasa? Bado mlima. Kuna dereva mmoja wa njia ya Durban aliyekuwa akinielezea mahindi, ng'ombe, mvua inayokuja, na mimi nikisikiliza macho nimeyafumba, mpaka Mama Nomvula akiinua kichwa nakohoa na kuandika muda wa kufika. Ninaamini yule dereva alielewa. Sikuwahi kumwona sura.

Mwezi wa sita, baridi kali, nikaharibu jambo. Niliona hati za malori mawili zimebadilishana, ya Polokwane imeshikwa na dereva wa Bloemfontein. Niliona kwa macho yangu. Lakini aliyezitoa ni Mama Nomvula, na mimi ni mwanafunzi. Nitamwambiaje mtu mzima kwamba amekosea, tena mbele ya madereva? Basi nikamsogelea nikasema kwa upole, "Mama, hati za leo zinafanana sana." Akasema, "Ndiyo, ni karatasi mpya." Nikasema tena, "Haraka nayo haina macho, eh?" Akanitazama kama ninaumwa. Malori yakaondoka, kila moja na hati za mwenzake, moja kaskazini na jingine kusini, na kesho yake meneja alimfokea mama wa watu mpaka akasikika ghalani chini. Baadaye Mama Nomvula akaniuliza kama niliona. Nikamwambia nilisema. "Ulisema nini?" Nikamwambia. Akavaa miwani, akarudi kazini. Hakunitaja kwa meneja hata kwa herufi moja. Hapo ningeweza kuuliza, huyu anayenichukia mbona amenifichia? Sikuuliza. Chuki ilikuwa imeshanizoea.

Nilichofanya ni kazi. Nilifika wa kwanza, nikaondoka wa mwisho. Mafaili yangu yalikuwa yamenyooka. Lerato alipoteza hati, akazipata, akacheka. Kwenye karatasi nilimshinda mbali, na nilijua, na nilisubiri mwezi wa kumi na moja jinsi mwanafunzi anavyosubiri matokeo anayoyajua tayari. Kile kiti cha karibu na kioo nilishakipanga akilini: picha gani nitaweka, koti nitatundika wapi.

Meneja tulimwita Mister Ravi, Mhindi wa Durban, mtu mpole ambaye kila akiongea alikuwa anatafuta kitu mezani kwake. Aliniita asubuhi ya Jumatano.

"Zaituni, kazi yako ni safi sana. Hii nafasi, unaitaka?"

Niliitaka kuliko kitu chochote. Na mdomo wangu, ambao ulilelewa vizuri, ukajibu wenyewe: "Kuna wenzangu wanaostahili kuliko mimi, sir. Mtakavyoona ninyi."

Akaacha kutafuta. "Una hakika?"

Nikafurahi! Wallahi nilifurahi. Huyu Mhindi ana adabu, nikasema moyoni, huyu anajua kubembeleza. Hii ni mara ya pili, bado moja. Nikainamisha macho. "Ndiyo, sir. Msijali kuhusu mimi."

"Sawa," akasema. "Asante kwa kuwa mkweli." Akanifungulia mlango.

Nilirudi kwenye mafaili nikisubiri niitwe tena. Saa ya chakula ikafika, nikafungua kopo langu. Mara mlango ukafunguliwa na Mama Nomvula akaingia, akaufunga nyuma yake. Hakuwahi kuingia mle nikiwa nakula.

"Umeikataa kazi?"

"Sijaikataa."

"Ravi anasema umemwambia ampe mwingine."

"Nilisema mtakavyoona."

"Zaituni. Unaitaka, huitaki?"

"Kama haitakuwa usumbufu kwa..."

"Eish! Ndiyo au hapana?"

Nikalia. Nililia vibaya, wali mdomoni, kamasi, kila kitu. Nikasema ndiyo, ndiyo, naitaka, nimeitaka tangu siku ya kwanza. Na maneno yakaendelea kutoka. Nikamweleza jinsi kwetu mtu anavyokataa, na anavyoshikwa mkono, na anavyokubali mwishoni. Alisikiliza amesimama. Kisha akakaa polepole juu ya boksi jingine, goti lake likigusa langu.

"Ngoja kwanza," akasema. "Yule kuku?"

"Nilikuwa sijala tangu jana yake, mama."

"Yule kuku nilimnunua bucha la Waislamu!" Sauti yake ilipanda. "Jumatatu niliona kitambaa chako cha kichwani, nikampigia shemeji yangu anielekeze mahali. Nimepanda taksi mbili na kuku mikononi. Na wewe hukuuliza hata kama ni halali. Nikasema, huyu anatuona sisi uchafu." Akaanza kucheka, mabega yakitikisika, akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha ghafla. "Miezi tisa, mwanangu."

"Nilidhani hamnitaki kwa kuwa mimi mgeni."

"Na mimi nilidhani wewe ndiye hututaki."

 Upande wa pili wa ubao mtu akakohoa, nadhani walisikia yote. Kisha akanisukuma begani. "Nenda kwa Ravi. Sasa hivi. Na usianze na samahani."

Nilivuka ofisi nzima nikijua kila jicho linanitazama. Nikasimama mbele ya meza yake. "Mister Ravi, naitaka kazi." Nilijiona kama nimevuliwa nguo, maisha yangu yote sikuwahi kumwambia mtu mzima neno nataka, hivyo, peke yake, bila kulifunika na chochote. Akanyanyua uso, na kabla hajasema nikaona barua ya kazi mezani. Lerato alikuwa ameshasaini. Kupitia kioo nilimwona chini kwenye ghala akiruka na kumkumbatia mwendesha mashine ya kubebea mizigo, kicheko chake kikipenya mpaka juu. Sikuweza kumchukia. Aliulizwa akajibu. "Kwa nini hukusema asubuhi?" Mister Ravi akaniuliza, naye aliumia kweli, lakini barua haikurudi.

Zilibaki siku tisa. Siku hizo tisa nilikula mezani. Mama Nomvula alinivutia kiti akisema, "Usinijibu, kaa," na wengine wakaokota neno hilo, nikaanza kupigiwa kelele na ofisi nzima kila nikitokea mlangoni. Niliambiwa habari ambazo nilikuwa nimezisikia zote kupitia ubao, nami nikajifanya nazisikia mara ya kwanza. Ijumaa ya mwisho nilipewa zamu. Mama Furaha alinisaidia kupika pilau, akinung'unika kwamba tunawalisha watu wasiotupenda, na alasiri nilirudi na sufuria tupu. Aliitazama ndani, akaigeuza, akaanza kuiosha.

Siku ya kuondoka Mama Nomvula alinisindikiza mpaka getini. Akaandika namba yake nyuma ya hati iliyoharibika. "Utanipigia?"

"Sitaki kukusumbua, mama."

Akanishika kidevu. "Hiyo ni adabu au ni kweli?"

"Ni adabu."

"Basi piga."

Sikupiga. Nilirudi kushika vichwa vya watu, na nikajiambia nitampigia nikishapata kazi, nimpe habari nzuri. Ilichukua mwaka na nusu. Ofisi moja ya mizigo ilinihoji, na mwenyewe hajamaliza kuuliza kama naitaka nikasema naitaka. Hapo somo la Mama Nomvula lilikuwa limeniingia. Lakini kufikia hapo nilikuwa nimechelewa, na nikaona aibu. Ningeanzaje? Nikasema akinikumbuka atanitafuta, na nikasahau makusudi kwamba hana namba yangu, kwamba yeye alishaniomba na zamu ilikuwa yangu. Nikahama, nikabadilisha simu mara nne, na kila mara namba yake niliinakili kwanza kabla ya zote. Nilifanya kazi kwa maneno yake kila siku. Nilimkumbuka kila Ijumaa. Mtu aliyeniuliza ana kwa ana kama nasema adabu au kweli, nikamwacha hivyo miaka yote hii, akiwa Tembisa, mwendo mfupi tu kutoka kwangu.

Jana nilipiga namba yake. Sijui nilitarajia nini. Nadhani nilitaka tu isikike inaita. Ikapokewa. Ilikuwa sauti ya binti, nzito, ya kuamrisha kama ya Mama Nomvula, nyuma yake vyombo vikigongana na watu wengi wakiongea kwa pamoja.

"Halo? Unamtaka nani?"

Nikasema samahani, nimekosea namba. Nikakata.

Nikakaa na simu mapajani. Chai ikapoa. Kisha nikapiga mara ya pili.